Makongoro Baridi ya Zinaida Pavlovna

Ninyi mnaoshika upawa leo, vuteni viti. Mimi ni Elia Lameck, ambaye mnaniita Baba Diploma, na jina hilo silikatai kwa sababu nililifanyia kazi. Ukiingia kwenye mgahawa wangu hapa Tunduma, upande yanakopanga foleni malori ya kuvuka kwenda Zambia, utaiona diploma yenyewe ukutani juu ya friji ya soda, imeandikwa Kirusi na kugongwa muhuri wa bluu. Upishi wa watu wengi na teknolojia ya chakula. Mtoto wa mkulima wa kahawa wa Igamba, niliyekuwa nikizungusha mashine ya kumenyea kahawa kwa mkono, sina mjomba wizarani wala shangazi ubalozini, nilikwenda mpaka kwenye barafu nikarudi na karatasi. Wapo tuliokwenda nao wakarudi na makoti tu.

Sasa nimestaafu. Mgahawa anauendesha mpwa wangu Jofrey, mimi nakaa karibu na mlango na kuonja. Lakini saini bado ni yangu. Chuo kikituletea mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, daftari lake naandika mimi.

Daftari lililokuwa mezani kwangu wiki hii ni la Tusekile, binti kutoka milima ya Ileje. Chuo kinalitaka leo Ijumaa. Likirudi na neno baya, anarudia mwaka, na baba yake ameshamwambia kwamba mwaka wa kurudia haupo, atarudi nyumbani kulima. Jofrey alikuwa akiniambia, "Mjomba, andika tu kwamba hafuati maelekezo. Tumalize."

Kosa lake ni hili. Kila mwaka, siku niliyorudi kutoka Urusi ikifika, napika chakula kimoja cha huko kinachoitwa holodets. Ni miguu ya ng'ombe na ya nguruwe, inachemka taratibu tangu alfajiri, nyama inachambuliwa, supu inachujwa na kumwagwa juu yake kwenye trei, kisha inaachwa kwenye baridi mpaka igande. Inaliwa hivyo hivyo, baridi, inatetemeka kwenye sahani kama shavu la mtoto. Wiki iliyopita niliipika trei nne, nikaziweka kwenye friji, nikaenda kanisani. Niliporudi, kwa nilivyoona mimi, Tusekile alikuwa amezitoa zote, amezimimina kwenye sufuria, amezichemsha na kuwagawia madereva kwenye mabakuli, na ndimu na pilipili kichaa pembeni.

Nilimwambia avue aproni akakae nje. Tangu siku hiyo hakuingia tena jikoni. Ili mwelewe kwa nini kalamu yangu ilikuwa nzito, lazima kwanza niwalishe Kirusi.

Nilifikia mji wa viwanda, mwendo wa siku nzima na zaidi kwa treni kutoka Moscow, kando ya mto ambao wakati wa baridi malori hupita juu yake. Kwetu Mbozi kuna baridi, na mimi nilijiona mtu wa baridi. Wiki ya kwanza nilijua kwamba sikuwa mtu wa baridi, nilikuwa mtu wa sweta.

Mlo wangu wa kwanza kwenye bwalo la chuo nilipewa supu ya kabichi. Nikainywa yote, nikapangusa mdomo, nikaiweka mikono magotini kusubiri chakula. Kwetu mchuzi unatangulia ugali, au hauna kazi. Nikasubiri. Wenzangu wakanywa, wakala mkate, wakaondoka. Mwanamke aliyekuwa akifuta meza akaniuliza nasubiri nini. Kwa maneno niliyokuwa nayo nikamwambia, "Chakula." Akalitazama bakuli tupu, akanitazama mimi, akaenda akaleta bakuli la pili la supu. Nikalinywa, nikasubiri tena. Akaleta la tatu. Nilitoka pale nimejaa maji kama mtungi na bado nina njaa. Ilinichukua mwezi kuelewa kwamba ugali wa Warusi ni mkate. Upo mezani tangu mwanzo, mweusi, mchachu kidogo, na unakwenda na kila kitu: supu, viazi, hata na tambi. Asiyeshika mkate hajaanza kula.

Wana nafaka moja ya rangi ya udongo, grechka, ambayo nilipoinusa ikipikwa nilikumbuka ulezi wa mama yangu mpaka nikatoka nje kidogo. Wana maziwa mgando mazito kama siagi iliyolegea, wanayaweka juu ya supu, juu ya kabichi, juu ya chapati nyembamba, na nadhani ukisimama sana mahali pamoja watakuwekea na wewe. Wana jani jembamba kama la karoti ambalo halikosekani kwenye chochote. Mwaka wa kwanza nililichukia. Nilirudi nyumbani na mbegu zake mfukoni, na leo linaota nyuma ya mgahawa, Jofrey analing'oa akidhani ni magugu.

Na kitu kingine: kwenye mabwalo yao mtu akimaliza kula anabeba sahani zake mwenyewe hadi dirishani. Mkuu wa kiwanda anabeba. Fundi anabeba. Nilipofungua mgahawa Tunduma nikaandika bango: Mteja, rudisha vyombo. Dereva mmoja wa Ndola alilisoma akicheka. "Ba Diploma," akaniambia, "nimeendesha gari siku mbili, nimelipa, na vyombo nioshe?" Nikamwambia sijasema aoshe, nimesema arudishe. Akasema, "Leo kurudisha, kesho utanipa na nguo za watoto." Bango nikalitoa. Si kila kitu cha Urusi kinavuka mpaka.

Mwaka wa mwisho wa masomo tulipelekwa mafunzo kwa vitendo, miezi mitatu. Mimi nilipangiwa bwalo la kiwanda cha vyuma, watu mia nne kwa zamu moja. Mpishi mkuu alikuwa Zinaida Pavlovna. Warusi hawana shikamoo, lakini heshima wanayo: mtu mzima unamwita kwa jina lake na la baba yake. Pavlovna maana yake binti Pavel. Siku ya kwanza alitaka kujua la kwangu.

"Elia."

"Ilya. Na baba?"

"Lameck."

Akafikiri kidogo akikatakata vitunguu bila kutazama kisu. "Ilya Lamekovich," akasema. Baba yangu, ambaye hajawahi kuvuka mto Momba, akaingia jikoni la Warusi hivyo. Tangu siku hiyo nilijua hali ya hewa kwa namna alivyoniita. Nikifanya vizuri ni Ilya Lamekovich. Nikikosea ni Ilya peke yake, na sauti inakatika mwishoni kama kamba.

Alikuwa mama mnene, mwenye meno mawili ya dhahabu, na hakuwa na kipimo chochote jikoni isipokuwa ulimi. Mimi nilikuja na vitabu na gramu. Siku ya tatu nilimweleza, kwa adabu, kwamba kwa mujibu wa kitabu chumvi yake ilikuwa imezidi. Akaniuliza, "Kitabu kimekula?" Msaidizi wake Lyuba, mkata mkate, alicheka mpaka akaweka kisu chini. Lyuba alikuwa hivyo, maisha yake yote ni utani, na mimi ndiye niliyekuwa utani mpya.

Daftari langu lilikaa kwenye droo ya Zinaida Pavlovna. Kijani, kurasa chache, na mwishoni nafasi ya neno lake na alama: tano ni bora, tatu ni kupita, mbili ni kurudi nyumbani bila diploma. Na mimi nilikuwa nimeshaandika barua Igamba kwamba narudi na diploma. Mchungaji alikuwa ameitangaza kanisani. Mkiwa na akili ninyi, msitangaze kitu kabla hakijasainiwa. Mimi nilitangaza.

Ilikuwa siku moja kabla ya mwaka mpya. Huko sikukuu hiyo ndiyo kubwa, na kiwanda kizima kingekula pamoja kesho yake mchana. Zinaida Pavlovna na Lyuba walikuwa wamefanya kazi tangu juzi yake. Saa nane mchana, jua la huko lilikuwa tayari linajiandaa kuzama, wakaenda kiwanda cha mikate kufuatilia mkate uliochelewa. "Ilya Lamekovich," akaniambia akifunga kitambaa kichwani, "jikoni ni kwako. Menya viazi. Uangalie na vilivyo korido ya nyuma, visipate shida."

Nilimenya viazi. Kisha nikaenda korido ya nyuma, mahali penye dirisha wazi na baridi inayouma meno. Kwenye rafu nikakuta trei ishirini na mbili za makongoro yaliyoganda.

Niliyajua mara moja. Miguu ya ng'ombe, nyama iliyochambuliwa, supu imekuwa dongo. Nyumbani kwetu Igamba asubuhi za mwezi wa sita sufuria ya makongoro hukutwa hivyo hivyo, na mtoto wa kwanza kuamka kazi yake ni kuipasha. Nikasikitika. Hawa kina mama wamechemsha siku nzima, wamechoka, wamesahau supu dirishani, na kesho watu mia nne watapewa kitu kilichoganda. Na mama yangu alitufundisha kwamba mgeni hapewi chakula baridi isipokuwa unataka aondoke. Nikaona hii ndiyo bahati yangu. Atarudi akute nimeokoa sikukuu. Atasaini tano hapo hapo.

Nikamimina trei zote ishirini na mbili kwenye sufuria tatu kubwa, nikawasha moto wote, nikachemsha kwa nguvu mpaka ikatokota. Vipande vya mayai na karoti walivyovipanga kwa maua chini ya trei vikapanda juu vikizunguka. Nikaona ni pambo zuri.

Aliyeingia kwanza ni Lyuba, amebeba mikate kifuani. Akasimama. Akatazama sufuria, akatazama rafu tupu kupitia mlango. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani. Akamwita Zinaida Pavlovna taratibu, kwa kifupi cha jina lake, "Zina, njoo. Usikimbie, lakini njoo."

Zinaida Pavlovna hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Alivua glavu, akachukua upawa, akaonja. Kisha akanipa mimi upawa.

"Onja."

Nikaonja. Ilikuwa chumvi tupu. Hapo, vijana, shikeni hili, ni bora kuliko mwaka mzima wa chuo: chakula cha kuliwa baridi hutiwa chumvi zaidi, kwa sababu ubaridi huufunga ulimi. Kipashe, na chumvi yote iliyokuwa imelala inaamka.

"Ulionja kabla ya kuwasha moto?"

"Hapana."

"Ilya," akasema, na lile jina likakatika. "Basi hukupika. Umewasha jiko tu."

Nikaona diploma inaondoka. Nikaona mchungaji akisimama tena kanisani kutangaza kwamba tangazo lile halikuwa sahihi. Akaniuliza kwa nini nimefanya vile, na nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi: makongoro, Igamba, mtoto wa kwanza kuamka, mgeni na chakula baridi. Kirusi changu kilikuwa kinaanguka na kusimama. Alisikiliza mpaka mwisho. Akageuka akamwambia Lyuba, "Sufuria mbili zirudi kwenye trei. Moja iache."

Tukamimina upya. Dirisha lisingetosha tena kwa muda uliobaki, kwa hiyo trei zikapangwa nje juu ya theluji, na mimi nikapangwa pamoja nazo. Nilivaa buti za sufu za mlinzi, koti la Lyuba lenye maua, na upawa mkononi. Kunguru wa Urusi hawana tofauti na wa kwetu, na paka wa kiwanda alikuwa na ukoo mkubwa. Wafanyakazi waliokuwa wakitoka zamu walisimama kunitazama. Mmoja akauliza, "Unalinda nini, ndugu?" Nikajibu, "Diploma." Hakuelewa, akanipa sigara, na mimi sivuti.

Iliganda, lakini ilikuwa na ukungu kama maji ya mchele. Holodets nzuri inapaswa kuwa wazi, uone sahani chini yake, na ikishatokota kwa nguvu uwazi haurudi. Kesho yake Zinaida Pavlovna alinisimamisha kwenye kaunta na aproni safi. "Kila atakayeuliza," akasema, "utamjibu mwenyewe."

Waliuliza wote. Nadhani wengine walirudi foleni ili waulize tena.

"Ilya, dirisha hili limefutwa lini?"

"Nilichemsha, samahani."

"Ilya, kwenu mnachemsha na barafu za mtoni?"

"Kwetu hatuna barafu za mtoni, samahani."

"Mwacheni," Lyuba akadakia kutoka kwenye mikate, "huyu kaona holodets inatetemeka, akadhani inasikia baridi."

Bwalo zima likacheka, na tangu pale nilikuwa mtu wao. Lakini sikucheka, kwa sababu droo ilikuwa bado imefungwa.

Mwishoni mwa foleni akaja mzee mmoja mchomea vyuma, aliyekuwa ametoka juu ya paa la kiwanda, nyusi zake zina barafu. Akaitazama sahani ya baridi, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kitu cha aibu, "Kijana, hiyo uliyochemsha, hakuna iliyobaki ya moto?"

Nikamtazama Zinaida Pavlovna. Akaashiria kwa kichwa jiko la nyuma. Ile sufuria aliyoiacha ilikuwa pale. Alikuwa ameitia viazi vingi vinywe chumvi, na maji, na lile jani jembamba. Nikamtilia mzee bakuli. Akala, akafuta bakuli kwa mkate, akalibeba mwenyewe mpaka dirishani, akarudi na wenzake watatu.

Miezi mitatu ilipokwisha alinipa daftari. Mwandiko wake ulikuwa kama nyayo za kuku, nikashindwa kuusoma kwa hofu, Lyuba akanisomea. Nayakumbuka maneno: "Ilya Lamekovich hawezi kumpa mtu chakula baridi. Hilo halifundishwi, analo. Kuonja kunafundishwa. Afundishwe." Na chini yake alama. Tatu.

Miaka yote hii nimewaambia nilipata tano. Nimewaambia wateja, nimewaambia kanisani, nimemwambia mke wangu kabla sijamwoa na baada ya kumwoa. Diploma iko ukutani, daftari liko chini ya sanduku la nguo. Alhamisi hii, yaani jana, nililitoa.

Nikamwita Tusekile. Aliingia akashika mlango, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya kwao. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa. Kwa nini ulipasha ile nyama?"

"Baba, waliingia madereva watatu wametoka Ndalambo, gari lao lilikwama kwenye tope tangu asubuhi, wamelowa mpaka soksi. Nikafungua friji nikakuta ile tu. Nikamwonyesha mmoja, akaniuliza, ichi chinshi, hiki ni nini? Nikamwambia ni chakula cha baba. Akasema, mwambie baba mimi nina baridi ya kwangu inatosha."

Jofrey, aliyesimama nyuma yake, akakohoa kuficha kicheko.

"Ulionja kabla hujawasha moto?"

"Nilionja, baba. Ya baridi ilikuwa nzuri. Nikapasha upawa mmoja pembeni, nikaonja tena, chumvi ikawa imezidi. Ndiyo maana nikatia viazi." Akainamisha kichwa. "Vya Jofrey vya chips. Sikumwomba."

"Na viazi nani alikufundisha?"

"Hakuna, baba. Niliona tu vitainywa chumvi."

Jofrey akasema, "Mjomba, lakini hakufuata maelekezo."

"Mimi nilimwachia maelekezo gani?"

Akageuka kuitazama friji. Kweli, niliweka trei nikaenda kusali.

Nikalifungua daftari lake mbele yao. Kwanza niliandika jina lake kamili pamoja na la baba yake, herufi kubwa, kama nilivyoandikwa mimi. Kisha nikaandika: "Alionja kwanza, akapasha kidogo, akaonja tena, ndipo akapasha yote. Nilipokuwa na umri wake sikujua hivyo." Kwenye alama nikaweka ya juu kabisa waliyonayo. Nikasaini, nikaweka tarehe. Kisha nikamsukumia na daftari langu la kijani, nikamtafsiria ukurasa wa mwisho mpaka kwenye ile tatu, Jofrey akisikia.

Tusekile alisoma lake mara mbili. Akatazama langu, akatazama diploma ukutani. Akalifunga lake kwenye kitenge.

"Baba," akasema, "kuna trei moja ilibaki. Nilikuwa nimeificha nyuma ya soda ndani ya friji, nikaogopa kuigusa. Niilete hivyo hivyo?"

Nje mvua ilikuwa imeanza tena juu ya malori.

"Onja kwanza," nikamwambia. "Halafu ipashe. Niletee na mimi."